Kurudi Nyuma kwa Wataliani na Mazingiwa ya Gondar

Maneno ya hotuba kwa watu wa Kwa Vonza, Kitui



Atokaye hapa kuelekea Yatta huuona ule uwanda mrefu ambao juu yake ni bapa kama meza, na ubavu wake umeinuka. Hakuna mtoto wa hapa anayehitaji kufundishwa kwamba mtu aliye juu ya kilima humwona ajaye tangu mbali. Lakini hakuna mama wa hapa asiyejua jambo la pili, kwamba maji hayakai juu. Maji yako chini, katika mchanga wa mto, na aishiye juu hana budi kushuka na mtungi wake na kupanda tena. Habari za vita zitakazosemwa leo ni za mambo hayo mawili, kimo cha mlima na mtungi wa maji.

Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945 Ukambani ilitoa askari wengi sana kwa jeshi la King's African Rifles, ambalo watu waliliita Keya. Wazee wale sasa karibu wote wamekwisha kufariki. Walipokuwa hai walipenda kusimulia habari za kushambulia na kuteka; za kurudi nyuma zilisimuliwa kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba kurudi nyuma ni kukimbia, na kukimbia ni aibu. Hayo ni makosa. Jeshi linalokimbia hutupa silaha, na kila mtu hujiokoa peke yake. Jeshi linalorudi nyuma kwa vita huacha kundi moja limzuie adui ili wengine wapite. Kisha wale waliopita husimama mahali pazuri, na lile kundi la nyuma hupita katikati yao. Hufanya hivyo siku hata siku, mto hata mto. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kushambulia, kwa kuwa kila hatua humtoa askari mahali ambapo wenzake wamepafia.

Yafaa kuanza na Moyale, kwa sababu ni nchi ya Kenya. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Wakati ule Wataliani walikuwa wameishika Uhabeshi, yaani Ethiopia, pamoja na Eritrea na Somalia yao, na majeshi yao katika nchi hizo yalipita watu 250,000, wengi wao Waafrika. Katika Kenya askari walikuwa wachache mno kuulinda mpaka mrefu namna ile. Moyale ilikuwa miji miwili iliyotazamana juu ya ukingo wa milima, mmoja wa Kenya na mmoja wa Uhabeshi. Katika ngome ya upande wa Kenya ilikuwako kampani moja ya Keya ya kwanza, ambayo askari wake wengi walikuwa watu wa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi.

Tarehe 1 Julai Wataliani walijaribu kuingia, wakarudishwa. Tarehe 10 Julai walikuja kwa nguvu, karibu mabatalioni manne, wakaipiga ngome kwa mizinga na kuizunguka. Wenzao wa nje walijaribu kuwafikia wale waliozingirwa, wasiweze. Basi ikawa lazima kuchagua: kukaa mpaka risasi na maji viishe, au kutoka. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai wakatoka, wakaiacha ngome na kumwachia adui kuta tupu. Aliyeamka asubuhi na kupandisha bendera yake juu ya ngome ile alidhani ameshinda, na kwa siku ile alikuwa ameshinda kweli.

Lakini mbele yake nini? Wataliani wakasonga hata visima vya Dabel na Buna, mwendo wa maili 60 hivi ndani ya Kenya, wakasimama. Mtu wa Kitui ataelewa upesi kuliko mtu wa nchi ya mvua. Kati ya Moyale na mto Tana ni nchi kavu, na kila jeshi lipitalo huko hutembea kutoka kisima hata kisima. Wataliani hawakuwa na njia ya kuwapelekea watu wao chakula na maji ya kutosha ili waendelee. Makamanda wa Kenya walikuwa wamelijua jambo hilo tangu zamani, na hesabu yao ilikuwa kuiacha nchi kavu impiganie adui, wao wenyewe wakikusanya nguvu upande wa Tana. Ukame ulikuwa boma lisilojengwa na mtu. Malori yakapita njia ya Thika, Mwingi na Garissa yakiwa yamejaa askari na mapipa, hata mwaka ukaisha.

Mwanzo wa mwaka 1941 mambo yakageuka. Jeshi lililotoka Kenya chini ya Jenerali Cunningham, lenye askari wa Afrika ya Mashariki, wa Nigeria na Gold Coast, na wa Afrika ya Kusini, liliingia Somalia. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25 Februari. Kutoka huko jeshi likapanda milima ya Harar, na tarehe 6 Aprili likaingia Addis Ababa. Ni mwendo wa zaidi ya maili elfu moja katika muda usiotimia miezi miwili. Kwa upande wa kaskazini jeshi jingine, lenye Wahindi wengi, lilikuwa limeivunja ngome ya Keren katika Eritrea mwishoni mwa Machi. Naye Mfalme Haile Selassie, aliyekuwa amekwisha kurudi nchini mwake kutoka Sudan, aliingia katika mji wake mkuu tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Wataliani walipouingia.

Sasa waliorudi nyuma kwa vita ni Wataliani, na haifai kuwacheka. Walibomoa madaraja ya mto Awash, wakavunja barabara katika miteremko ya milima ili malori yasipite, na palipo bonde jembamba waliacha kundi la kuzuia. Jemadari wao mkuu, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa binamu wa mfalme wa Italia, alijua kwamba msaada hauwezi kuja. Bahari ilikuwa imefungwa, na njia ya Sudan vile vile. Lakini alikuwa na hesabu yake. Kule Libya Wajerumani na Wataliani walikuwa wanapigana kuifikia Misri, na kila kikosi cha Waingereza kitakachoshughulika na milima ya Uhabeshi ni kikosi kitakachokosekana Misri. Kwa hiyo hakuupigania mji wa Addis Ababa, ambao ulikuwa umejaa wanawake na watoto wa Kitaliani. Aliyagawa majeshi yaliyosalia na kuyapeleka katika milima: yeye mwenyewe Amba Alagi, Jenerali Gazzera upande wa kusini-magharibi, na Jenerali Nasi Gondar. Kila mmoja alipaswa kukaa juu na kukawiza.

Jambo ambalo Mtawala hakuweza kulitengeneza ni mioyo ya askari wake Waafrika. Tangu vita vya mto Juba walikuwa wakiondoka usiku kwa mamia, na baadaye kwa maelfu. Mtu aliyeandikwa jeshi katika Somalia aliambiwa aiache nyumba yake, mke wake na ngamia wake nyuma ya mistari ya adui, akalinde jabali katika nchi ya watu wengine kwa ajili ya serikali ambayo kila siku inahama. Wengi walifikiri jambo hilo njiani, wakageuka. Isidhaniwe kwamba askari wa Keya alikuwa mtu wa namna nyingine. Yeye naye alipigana katika vita ambavyo hakuulizwa shauri lake, kwa mshahara ambao ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa askari Mzungu. Lakini jeshi lake lilikuwa linakwenda mbele, posho ilifika, na nyumbani kwake hapakuwa nyuma ya adui. Tofauti hizo zaweza kuonekana ndogo kwa asomaye kitabu, lakini kwa mtu aliye katika mvua na bunduki begani ni kubwa mno.

Amba Alagi ni mlima wenye kimo cha zaidi ya futi 10,000, na neno lenyewe amba maana yake ni mlima wa namna ile ya Yatta, wenye juu bapa na ubavu mkali, ila ni mrefu mno kuliko Yatta. Wataliani walikuwa wamechimba mapango katika mwamba wakaweka humo chakula na risasi. Wahindi walikuja kwa kaskazini, askari wa Afrika ya Kusini kwa kusini, na wazalendo wa Uhabeshi wakawazunguka kotekote. Ngome ile ingaliweza kukaa majuma mengine. Lakini katikati ya Mei kombora moja la mzinga liliangukia ghala ya mafuta, na mafuta yakatiririka yakaingia katika maji ya kunywa ya mwisho waliyokuwa nayo. Risasi zilikuwako, mwamba ulikuwako, na mtungi ukawa hauna kitu. Tarehe 19 Mei 1941 Mtawala alishuka na watu wake, wakapewa heshima ya kijeshi, wakawa mateka. Yeye aliletwa Kenya, akafa Nairobi kwa ugonjwa tarehe 3 Machi 1942, akazikwa Nyeri, ambako kaburi lake liko hata leo pamoja na ya mateka wenzake.

Upande wa kusini-magharibi mvua ilikuwa imeanza. Askari wa Keya walitembea katika matope yaliyofika magotini, wakavuka mito iliyofurika. Siku ile ile ya tarehe 19 Mei, mahali paitwapo Colito, Sajini Nigel Leakey wa Keya ya sita alikipanda kifaru cha adui na kuwaua waliokuwamo isipokuwa dereva, kisha akaendelea kuviwinda vifaru vingine akifuatwa na askari Waafrika watatu, akauawa. Alipewa nishani ya Victoria Cross. Mwezi wa Juni mto Omo ulivukwa, na mwanzoni mwa Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri kwa jeshi lililotoka Kongo ya Wabelgiji. Ikabaki Gondar.

Gondar ni mji wa zamani, wenye majumba ya mawe yaliyojengwa na wafalme wa Uhabeshi tangu karne ya 17. Uko juu, zaidi ya futi 7,000, na Ziwa Tana liko kusini yake. Jenerali Guglielmo Nasi alikuwa huko na watu wapatao 40,000, Wataliani na Waafrika. Alikuwa na miezi michache ya kujitayarisha, na aliitumia kwa akili. Hakukaa mjini kuwangoja adui. Aliweka ngome katika kila mlango wa nchi: Wolchefit upande wa kaskazini, ambako barabara ya Asmara hupanda jabali kwa mapindi mengi, Chelga upande wa magharibi, njia ya Sudan, na Kulkaber upande wa kusini-mashariki, njia ya Dessie. Kuzunguka mji wenyewe alichimba mahandaki, akatandaza seng'enge, akazika mabomu ardhini mahali pote ambapo mtu angeweza kupita. Chakula kikapimwa. Ndege zake zilikuwa chache za kuhesabika kwa vidole, na mwishoni hakubakiwa hata na moja.

Mahandaki ni kazi ya juma mbili tatu. Kulisha watu 40,000 ni kazi ya kila siku, na haikuwezekana kwa ghala peke yake. Mji uliozingirwa huhitaji mkulima wa jirani alete nafaka na mfugaji alete ng'ombe, hata kwa kificho. Hapo ndipo Nasi alipoonja matunda ya kazi ambayo haikuwa yake peke yake. Mwenyewe alisifiwa kuwa mpole kwa wenyeji kuliko watawala wenzake wengi. Lakini watu wa Uhabeshi hawakusahau kwamba Italia ilipoingia nchini mwao tangu Oktoba 1935 ilitumia moshi wa sumu, wala hawakusahau siku za Februari 1937, watu wa Addis Ababa walipouawa kwa maelfu. Mtu aliyefiwa na ndugu zake kwa namna ile hapeleki gunia la nafaka kwa sababu jenerali wa sasa ni mpole. Wengi walichukua bunduki wakakaa njiani, na misafara ya kutafuta chakula ikawa inarudi mitupu au hairudi.

Mvua za Uhabeshi hunyesha tangu Juni hata Septemba, na katika miezi hiyo hakuna jeshi lililoweza kupandisha mizinga. Kwa hiyo Wataliani walipata muda walioutaka. Lakini muda una pande mbili. Walioko nje waliutumia kukusanyika na kutengeneza barabara. Walioko ndani waliutumia kula akiba yao. Wolchefit ndiyo iliyotangulia kuishiwa. Kamanda wake, Kanali Gonella, alikuwa ameishika ngome ile miezi mingi, wazalendo wakimzunguka. Askari wa Keya wa brigedi ya 25 walikuwa wakijitayarisha kupanda kwa vita alipotuma habari kwamba chakula kimekwisha. Tarehe 28 Septemba 1941 watu wapatao 3,000 walitoka na kuweka silaha chini. Yeyote aliyeliona jabali lile baadaye alimshukuru Mungu kwamba halikupandwa kwa risasi.

Meja Jenerali Fowkes, aliyekuwa na amri ya Divisheni ya 12, sasa alikuwa na neno la kufikiri. Barabara nzuri ya kaskazini ilikuwa imelindwa vikali mno karibu na mji. Njia nyingine zilikuwa vijia vya punda. Ili alete mizinga na chakula cha watu wake alihitaji ile barabara ya Dessie, na mlango wa barabara hiyo ulikuwa Kulkaber. Tarehe 13 Novemba Kulkaber ilishambuliwa, na mashambulio yakashindwa. Walioilinda walikuwa askari hodari, wakiwamo Carabinieri na wale wa mashati meusi, na walikuwa wamechimba kila mwamba. Tarehe 21 Novemba ikashambuliwa tena, safari hii kutoka pande mbalimbali kwa wakati mmoja, askari wa Keya na wazalendo wa Uhabeshi pamoja. Vita vilianza alfajiri, watu wakapigana kwa visu vya bunduki katika mahandaki, na kabla ya usiku ngome ilikuwa imekwisha.

Carabinieri wa Italia huikumbuka siku ile ya 21 Novemba kila mwaka hata sasa, na ni haki yao, maana watu wao walikufa wakiwa wamesimama. Lakini yafaa kuulizana ni nani awakumbukaye walioupanda mlima ule, wanaume waliozaliwa katika nchi ya joto kama hii, waliokuwa hawajapata kuona barafu juu ya majani asubuhi. Kwao hakukuwekwa mwamba wala bamba lenye jina la kilima. Yako makaburi Nairobi kando ya njia ya Ngong, na humo iko kumbukumbu ya wale wa jeshi la Afrika ya Mashariki ambao makaburi yao hayajulikani. Mtu wa Kitui aliye na jamaa asiyerudi kutoka Uhabeshi anaweza kwenda kutazama.

Baada ya Kulkaber mambo yalikwenda upesi. Tarehe 27 Novemba 1941, kabla ya mapambazuko, brigedi ya 25 na ya 26 za Afrika ya Mashariki zilishambulia ngome za mwisho mbele ya Gondar. Mabomu yaliyozikwa ardhini yaliwadhuru watu, hata hivyo wakasonga kutoka kilima hata kilima, na ndege zikiwapiga walioko mjini. Alasiri Nasi alipeleka watu wa kuomba amani, na motokaa za deraya za Kenya zikaingia mjini zikipita chini ya kuta za wafalme wa kale. Mateka walipita 20,000. Na hiyo ilikuwa siku ya mwisho ya dola ya Italia katika Afrika ya Mashariki.

Je, Mtawala wa Aosta alipata alichokitaka? Alipata miezi saba na nusu tangu kuuacha mji mkuu. Katika miezi hiyo brigedi kadha wa kadha zilifungwa katika milima ya Uhabeshi. Lakini yale majeshi makubwa ya Wahindi na ya Afrika ya Kusini aliyotaka kuyazuia yalikuwa yamekwisha kuondoka kwenda Misri mara baada ya Amba Alagi. Waliobaki kuzingira Gondar walikuwa zaidi Waafrika wa Mashariki, watu ambao hesabu yake haikuwatia maanani. Kampani ile ya Moyale ilinunua usiku mmoja tu, ikaupata kwa bei ndogo. Mtawala alinunua miezi, na sehemu kubwa ya bei ikalipwa na askari ambao hawakuwa na faida katika biashara ile.

Wataliani wengi waliotekwa waliletwa Kenya wakakaa kambini hata vita vikaisha, na mikono yao ikajenga barabara na lile kanisa dogo lililo kando ya njia ya Mai Mahiu. Askari wa brigedi ya 25 na ya 26 hawakurudi kulima. Waliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki chini ya Fowkes yule yule, wakapelekwa Ceylon, kisha Burma, na katika mvua za mwaka 1944 walikuwa wakilishuka bonde la Kabaw kuwafuata Wajapani, ambao wakati huo walikuwa nao wanarudi nyuma kwa vita, mto hata mto.